Marekani Yetu ya Ukumbini

Teng'. Kifungo cha koti kikidondoka ndani ya kopo la biskuti, lile la bati, kinalia teng', halafu kinazunguka kidogo kule chini kama kinachotafuta pa kulala, ndipo kinanyamaza. Sauti hiyo ninayo mpaka leo. Naweza kuwa nachoma vitumbua, naweza kuwa nimesimama kituoni nasubiri basi, ikanijia yenyewe.

Kopo la pili lilikuwa la kahawa, la karatasi ngumu. Hilo lilisema pu, basi. Mimi ndiye niliyeyachagua makopo yale. Niliyatoa kwenye kabati la jikoni, nikayafuta, nikatoboa vifuniko kwa kisu, nikajisifu kwamba nimetengeneza masanduku ya kura. Haikunipitia kichwani kabisa kwamba makopo mawili yasiyofanana yana sauti mbili zisizofanana. Ningekuwa nimesoma kupita kidato cha pili labda ningewaza. Labda pia nisingewaza, maana siku ile nilikuwa na furaha, na mimi nikiwa na furaha akili inakaa pembeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nafanya kazi jikoni kwenye klabu ya wazee, chini kabisa ya jengo moja la ghorofa mtaani Dixon, karibu na uwanja wa ndege, upande wa kaskazini wa mpaka wa Marekani. Wazee walikuja Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Wengi walikuwa Watanzania, Wakenya na Wakongomani, na alikuwepo bibi mmoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza, ambaye Kiswahili chake kilinishinda mimi. Kazi yangu ilikuwa chai, uji na chakula cha mchana, na kuwasomea barua ambazo wajukuu zao hawakuwa na muda nazo. Ndege zilipita juu yetu chini chini zikienda kutua, vikombe vikatetemeka kwenye sahani, na hakuna aliyeinua kichwa.

Isipokuwa mmoja. Huyo alikuwa gadi wa treni zamani, Tabora, yule mtu wa behewa la mwisho anayepeperusha bendera ya kijani ili treni iondoke. Mapafu yake yalikuwa yamechoka, akatembea na mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, akauita behewa lake. Kila siku saa saba na robo ilipita ndege fulani, naye aliweka kikombe chini na kusema, “Hiyo inatoka Ohayo.” Hakuna aliyejua kama kweli inatoka Ohayo. Alikuwa ameamua tu.

Ohayo, jimbo la Marekani, ndiko alikokuwa binti yake, mtoto wake pekee. Hawakuwa wameonana miaka kumi na moja. Karatasi za binti za kuishi kule zilikuwa bado hazijatoka. Akitoka Marekani hata kwa siku moja, asingeweza kurudi kwa watoto wake wawili waliozaliwa kule. Na mzee mwenyewe, daktari alikwishamkataza safari. Kutoka ukumbini kwetu mpaka mlangoni kwa binti ni mwendo wa gari wa siku moja, ukianza mapema. Waliongea kwa simu kila jioni, wakaulizana wamekula nini.

Sasa mwaka ule Marekani walikuwa na uchaguzi wa rais. Sisi tuko nchi nyingine, lakini kila mzee pale alikuwa na mtu wake upande wa pili wa mpaka, kwa hiyo uchaguzi ule ulikuwa wetu kuliko wa kwetu. Runinga ya ukumbini haikuzimwa. Wazee wakagombana. Wawili waliokuwa wanapeana hata miwani wakafika mahali pa kutosalimiana. Mwishowe msimamizi wetu, mwanamke wa sauti kali na roho laini, akaweka sheria: atakayetaja jina la mgombea yeyote wa kule ataosha vikombe vyote vya siku hiyo. Nikazoea, mpaka leo sitaji. Kwa hiyo majina hayo hamtayaona hapa.

Ukumbi ukawa kimya kama hospitali. Sikuupenda ukimya ule. Nikasema, kwa mzaha tu, nikiwa napitisha chai, “Kwani lazima wawe wale? Si tuwatoe wote, tuweke wetu?”

Walinitazama. Halafu mzee gadi akasema, “Mimi nagombea.”

Ndivyo ilivyozaliwa Marekani yetu. Ilikuwa na Ikulu yake, kona ya runinga, na mipaka yake, kuanzia mlango wa choo mpaka rafu ya viatu. Ilikuwa Marekani ileile ila wale wa kweli hawakuwahi kugombea, hawakuwahi hata kuzaliwa. Siku ya pili akajitokeza mpinzani: mama mmoja wa Bukavu aliyeuza vitenge maisha yake yote, mnene, mcheshi, mjane. Nesi alikuwa amewapunguzia wazee sukari, kijiko kimoja kwa kikombe, na hilo ndilo lililomwingiza mama kwenye siasa.

Mdahalo ulifanyika Alhamisi wakati wa chai.

“Mimi ahadi yangu ni moja tu,” mzee alisema, mkono mmoja juu ya mtungi. “Daraja. Nikiingia, daraja la Buffalo, lile la mpakani, linakuwa wazi. Mtoto akitaka kumwona baba yake anapita, akimaliza anarudi kwake. Hakuna kuulizwa karatasi.”

“Papa,” mama alidakia, maana kwao mzee huitwa papa, “na sukari je?”

“Sukari tutazungumza baadaye.”

“Mmesikia? Baadaye! Marehemu bwana yangu pia alisema baadaye, baadaye, mpaka akakufa.” Ukumbi mzima ukacheka. “Miye natoa vijiko viwili. Leo. Kila mzee, nesi apende asipende.”

“Unawanunua wapiga kura!”

“Nawanunua, ndiyo! Wewe unawauzia daraja ambalo hawataliona.”

Aliposema hivyo alijifunika mdomo kwa kiganja. Mtu wa nyuma akaokoa hali, akapaza sauti, “Ikulu ina ngazi, mzee, na hilo behewa utapanda nalo vipi?”

“Mtanibeba,” alisema. “Raia mna kazi gani nyingine?”

Tukacheka tena, lakini mimi niliona vidole vyake vimeubana ule mpira wa hewa.

Kura tulipiga Jumatatu, siku moja kabla ya Wamarekani wenyewe. Vifungo nilikata kwenye makoti ya zamani ambayo watu huleta kama msaada, kumi na vinane, kimoja kwa kila mzee. Nilitundika khanga mlangoni mwa jikoni, nyuma yake nikaweka meza na yale makopo: kahawa ya mzee, biskuti ya mama.

Asubuhi hiyo mama alinifuata jikoni kabla watu hawajajaa. “Mwana,” aliniambia, “unafikiri miye nitapata hata kura tano? Wanaume wote ni wa papa. Wanawake wanamhurumia papa.”

“Utapata, mama.”

“Nikipata kura yangu peke yangu, sirudi hapa. Haya itaniua kweli.” Alikuwa anacheka, lakini alishika ukingo wa sinki muda mrefu. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku zisizo za klabu yule mama hakuwa na pa kwenda. Angebaki chumbani na picha za Bukavu.

Wazee wakaingia mmoja mmoja. Mzee gadi alikaa palepale karibu na khanga, kwa sababu ukutani pale ndipo penye tundu la umeme la mashine yake. Alikuwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia. Wengine walipiga kelele, walibishana kuhusu mpira, hakuna aliyesikiliza kitu.

Alipomaliza wa mwisho, msimamizi akasema kumi na nane inaweza kugawanyika sawa, ugomvi ukaanza upya. “Binti wa jikoni naye apige, tuwe kumi na tisa,” aliamua. Sikuwa na kifungo. Nikakata cha koti langu mwenyewe, cha chini kabisa, cha kahawia, kimemeguka pembeni. Nikaingia nyuma ya khanga.

Nataka niseme vizuri nilichokiwaza, maana nimekiwaza mara nyingi tangu hapo. Niliwaza mzee ameshinda. Sikuwa na shaka hata chembe. Nilimpenda, na nilidhani kila mtu ana moyo kama wangu. Nikajionea akilini kopo la mama lina vifungo viwili vitatu. Nikaona uso wake wakati matokeo yanasomwa. Nikasema moyoni, mzee hatapungukiwa kitu, ngoja huyu mama apate cha kumrudisha hapa Alhamisi.

Teng'.

Aliyehesabu alikuwa Mkenya mmoja, karani wa mahakama mstaafu. Alivipanga vifungo mezani mistari miwili, akavaa miwani, akavua, akavaa tena. “Kopo la biskuti, kumi. Kopo la kahawa, tisa. Hakuna rufani hapa. Leteni chai.”

Kumbe wale wanaume waliokuwa wanampigia mzee makofi, nyuma ya khanga waliikumbuka sukari.

Mama alipiga vigelegele, kisha akakatisha katikati. Alimtazama mzee. Mzee alisimama, akavuta behewa lake hadi kwake, akampa mkono. “Hongera, mheshimiwa.” Akageuka kwangu. “Na wewe hongera, umeendesha vizuri.” Alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nami nikatabasamu kama mjinga. Saa saba na robo ndege ikapita, naye hakuweka kikombe chini.

Jumanne Wamarekani wakapiga zao. Alhamisi wazee walikuja na matokeo yameandikwa usoni. Hakuna aliyewasha runinga. Mzee mmoja alifungua mdomo, akaufunga, akaenda kuosha vikombe. Hakuwa ametaja jina la mtu. Baada yake akaenda mwingine. Siku ile vikombe vilioshwa mara tatu, vikiwa safi.

Katikati ya hali hiyo rais wetu akainuka. Alikuwa amevaa kitenge kipya na ameshika karatasi. Amri ya kwanza, alisema, haikuwa ya sukari. Amri ya kwanza ilikuwa ya daraja. “Binti wa papa apite, na arudi, na asiulizwe.” Alilowesha kitako cha kikombe kwenye chai akakigonga chini ya maandishi, ukabaki mduara wa rangi ya kutu. Huo ndio uliokuwa mhuri.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaisoma yote, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa ndani wa koti. “Asante, mheshimiwa,” alisema. Hakutabasamu. Wiki hiyohiyo wakili alikuwa amemwambia binti asivuke hata jimbo, na siku ya kusikilizwa kesi yake ya karatasi ilikuwa imesogezwa mbele bila kuambiwa mpaka lini.

Theluji ilipoanza mzee hakuweza tena kushuka. Nikaanza kumpelekea uji kwake, ghorofa ya nane ya jengo lilelile, siku za Jumanne, ambazo si siku zangu za kazi. Hakuna aliyenituma.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Umeleta nini?”

“Uji wa ulezi.”

“Sukari?”

“Vijiko viwili. Ndiyo sheria.”

“Basi serikali imefika mpaka huku juu.”

Siku moja alikunywa nusu, akaweka kikombe kwenye dirisha. “Binti, nikuulize kitu. Usikasirike.”

“Uliza, babu.”

“Kwa nini ulininyima?”

Nikamwuliza nilimnyima nini, ingawa nilikwishajua.

“Mimi nimekuwa gadi miaka thelathini,” alisema. “Gadi yuko nyuma kabisa, mbele haoni. Kazi yake kusikiliza. Siku ile bati lililia mara tisa. Karatasi ililia mara tisa. Halafu ukaingia wewe.”

Sikuwa na uongo wa kutosha kwa jambo hilo. Nikamwambia yote: mama na sinki, kura tano, haya. Nikamwambia nilijua atashinda. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikasimama kumshika mgongo.

“Kumbe,” alisema alipopata pumzi, “nimepinduliwa na huruma.”

“Nisamehe, babu. Ulikuwa mchezo.”

“Ulikuwa mchezo.” Alikichukua tena kikombe dirishani. “Ila mimi nilijiwekea mambo yangu. Nilisema moyoni, nikishinda hapa chini, mtoto wangu atapita. Nikishindwa, basi, hapiti, nisimsubiri. Ujinga wa mzee. Usiubebe.”

Lakini mtu akikwambia usiubebe, tayari umekukalia begani. Nililia pale mbele yake, na yeye ndiye akanibembeleza, mgonjwa akimbembeleza mzima. Akasema, “Haya, nyamaza. Wewe una kichwa cha ndoto, shangazi yako unayeishi naye kila siku analalamika. Kifanyishe kazi. Niambie ingekuwaje kama ningeshinda.”

Ndiyo ikawa kazi yetu ya Jumanne. Nilimsimulia Marekani ambayo kifungo changu kingeipata. Kwamba aliapishwa akiwa ameketi, na mtungi wake ukapigiwa saluti. Kwamba maofisa wa daraja waling'oa vizuizi vyao wakavipeleka nyumbani kuanikia nguo. Kwamba watu wa pande zote mbili walipita na sufuria za chakula zikiwa bado na moto, kwenda kula kwa ndugu na kurudi. Yeye alinirekebisha kama karani. Daraja lazima liwe na gadi, alisema, huwezi kuacha tu. Nikamweka gadi, na bendera ya kijani.

Halafu nikamleta binti. Aliondoka Ohayo asubuhi, watoto nyuma wamelala. Darajani akaulizwa swali moja tu: amebeba nini.

“Amebeba nini?” mzee naye aliuliza.

“Samaki wakavu wa baba yake.”

“Wa wapi hao, Ohayo?”

“Babu, ni ndoto.”

“Haya, endelea.”

Akafika Dixon, akazunguka nusu saa kutafuta pa kuegesha. Akafika mlangoni, akabonyeza kengele ya chini, kengele mbovu kama kawaida, akafunguliwa na mtu aliyekuwa anatoka. Akaiendea lifti.

“Lifti inafanya kazi?” mzee aliuliza.

“Imeharibika.”

“Hata kwenye ndoto?”

“Hata kwenye ndoto. Sitaki kukudanganya.”

“Basi apande ngazi. Bado kijana.”

Nikampandisha, mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi, samaki wananuka. Ghorofa ya tatu akapumzika. Ya tano akamsikia mtu anakohoa, akajua kikohozi cha nani. Nilipomfikisha ya sita niliangalia saa. Nilikuwa nimechelewa basi. Nikamwambia babu, nitamfikisha mlangoni Jumanne ijayo.

“Usimwache kwenye baridi ya ngazi,” alisema.

“Siku saba tu.”

Alifariki Jumapili.

Binti alizika kwa simu. Mimi ndiye nilipewa niishike, kwa sababu nina mkono mtulivu, walisema. Makaburini upepo uliingia kwenye koti langu pale chini ambapo kifungo hakipo. Mchungaji aliomba kwa Kiswahili, haraka, kwa sababu ya baridi. Kwenye kioo cha simu nilimwona binti amekaa kwenye gari lake, mahali pa kuegesha magari pa kazini kwake, amevaa sare ya kazi, khanga kichwani. Hakulia kwa sauti. Alisema mara moja tu, “Dada, nisogezee kidogo, simwoni baba.” Nikasogea mpaka ukingoni. Nikashikilia. Walipoanza kushusha jeneza sikutaka kuangalia kioo, niliangalia kamba. Walipotupa udongo, mikono ilikuwa haina hisia tena, nikageuza simu nimwone, na kioo kilikuwa cheusi. Baridi ilikuwa imeizima. Imezima lini, sijui. Sijui aliona nini na hakuona nini, na sikuwahi kuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Karatasi yenye mduara wa chai waliikuta kwenye mfuko wa koti lake, wakadhani ni uchafu. Niliiomba.

Alhamisi mama wa Bukavu alikuja bila kitenge cha urais. Nilipomletea chai na vijiko vyake viwili alikisukuma kikombe. “Niletee isiyo na sukari, mwana,” alisema. Hakutoa amri siku hiyo wala siku nyingine, na hakuna aliyemkumbusha. Marekani yetu iliisha hivyo. Saa saba na robo ndege ilipita, na kwa mara ya kwanza watu wote ukumbini waliinua vichwa.

Saa tisa wakaondoka. Nilifagia, nikaosha vikombe, nikavifuta. Msimamizi aliniachia ufunguo. Nilipofungua kabati kurudisha sahani nikayaona makopo, yamekaa vilevile, kila moja na vifungo vyake ndani, maana baada ya kuhesabu karani alivirudisha kila kimoja mahali pake.

Nikafungua la biskuti. Cha kahawia kilikuwa juu kabisa, kimemeguka pembeni. Nilikitoa. Nilikaa nacho kidogo kwenye kiganja, hakikuwa na uzito wowote. Kisha nikalivuta kopo la kahawa, nikakitia kwenye tundu.

Pu.